Kondo Limezikwa Wapi?

Shaush Simeo Hiza, askari wa cheo katika boma la Wajerumani, aliwakuta wanawake wote wawili chini ya paa moja, katika zahanati ya misheni pale Korogwe, ukuta wa udongo tu ukiwatenga. Chumba cha kwanza alilala Hamisa, mke wa Abdi wa Misima, aliyeletwa kwa machela huku damu ikimvuja. Chumba cha pili alikaa Dorkasi, mke wa Isaka, kibarua wa shamba la mkonge la Ngombezi, na askari mmoja Mzigua akimlinda mlangoni. Dorkasi alikuwa na mtoto mchanga mapajani. Kila mtoto huyo alipolia, Hamisa aliinua kichwa upande wa pili wa ukuta na kusema, "Mnyonyesheni mwanangu. Ana njaa."

Hilo ndilo lilikuwa shauri lenyewe: wanawake wawili, mtoto mmoja.

Watu wa Misima walilieleza hivi. Alfajiri moja Hamisa alishikwa na uchungu, akatokwa na damu nyingi, akazimia. Aliyekuwa naye ni mama mkwe wake, Mashavu, mkunga wa kijiji. Hamisa alipozinduka aliambiwa kwamba amezaa mtoto wa kiume, na kwamba mtoto ameibiwa wakati Mashavu alipotoka kuteka maji. Alfajiri hiyohiyo Isaka na Dorkasi, waliokuja Misima kuuza tumbaku na kulala barazani kwa jumbe, walikuwa wameondoka bila kuaga. Hakuna aliyekuwa ameona kwamba Dorkasi ni mjamzito. Hata hivyo kesho yake watu walimwona akivuka mto kuelekea Korogwe na mtoto mchanga mgongoni. Vijana wa Misima wakawafuata mpaka Ngombezi, na kama si mnyapara kuingilia kati, wangemwua Isaka. Walimwacha na kichwa kilichopasuliwa kwa rungu. Sasa alikuwa mahabusu, kitambaa cha damu kimemgandia kichwani.

Bwana Shauri wa Handeni, afisa Mjerumani aliyeamua mashauri, alimpa Hiza kazi kwa maneno machache: kabla ya baraza lijalo, mwenye mtoto ajulikane. Mwizi atafungwa mnyororo, na mtoto atarudi kwa mamaye. Jumbe wa Misima naye alimtemea maneno mbele ya watu: "Mshambaa lini akamwona Mshambaa mwenzake ana hatia?" Kwani Hiza alikuwa mtu wa milimani, kama alivyokuwa Dorkasi. Neno kama lile hujibiwa kwa kazi.

Alianza kwa Sista Yuditha, mwanamke wa Kijerumani aliyekonda, ambaye alikuwa ameuguza watu wa Usambara miaka mingi hata mvi zake zikageuka rangi ya vumbi. Alikuwa amewapima wanawake wote wawili.

"Huyu Dorkasi amezaa," Sista alisema, akifuta mikono. "Hilo sina shaka nalo. Amechanika, maziwa yamejaa, kizazi kinarudi mahali pake vizuri."

"Basi mtoto ni wake."

"Sikusema hivyo, Shaush. Nimesema amezaa. Aliyezaa anaweza kufiwa, na aliyefiwa anaweza kuiba. Hiyo ni kazi yako."

"Na Hamisa?"

Sista alikikunja kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja tena. "Hamisa hapatani na habari zake mwenyewe. Watu wanasema amezaa mtoto mkubwa, mzaliwa wa kwanza. Hajachanika hata kidogo. Kizazi chake bado kikubwa, laini kama unga uliokandwa, na damu haikatiki."

"Maana yake nini?"

"Damu ya mwanamke ni ileile, lakini milango inakotokea ni mingi. Labda amezaa kweli, na kipande cha kondo kimebaki ndani. Labda mimba ya miezi michache imeharibika. Labda ni uvimbe wa kizazi, na mimba haikuwako hata siku moja. Yote hayo huleta tumbo, na yote huleta damu."

"Wewe huyatofautishaje?"

"Kwa kuuliza, kama wewe." Alimtazama moja kwa moja. "Unaenda Misima. Uliza tumbo lilianza lini, na lilikua kwa kasi gani. Uliza kichefuchefu kilikoma mwezi gani. Uliza kama mtoto alicheza tumboni. Halafu uliza juu ya kondo la nyuma. Nani aliliona, na lilikuwaje."

Kutoka chumba cha Hamisa pakasikika kikohozi, kikavu, cha mfululizo. Sista aligeuza uso.

"Tena anakohoa," alisema.

"Kikohozi na kizazi vina undugu gani?"

"Naomba Mungu visiwe na undugu wowote."

Hiza aliingia kwa Hamisa kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu, uso umepauka kama jivu, nguo ya kaniki imemfunika mpaka kifuani. Mumewe Abdi hakuwemo ndani. Alikuwa amechuchumaa nje, mgongo kwenye nguzo, tangu walipofika, wala hakuna aliyemwona akivuka kizingiti.

"Pole, dada," Hiza alisema.

"Nimekwisha kupoa, Shaush. Niletee tu mwanangu."

"Nitakuuliza jambo la kike, unisamehe. Mtoto alianza kucheza lini?"

Hamisa aliangalia paa. "Alikuwa mtulivu. Mama mkwe alisema wako watoto wa namna hiyo, hulala tu mpaka siku yao."

"Hukumsikia hata mara moja?"

"Nilimsikia siku aliyozaliwa. Alilia."

"Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Mara moja tu. Kisha macho yakaingia giza." Akamgeukia. "Nimekaa kwa Abdi miaka, Shaush, wenzangu wanazaa nami nawabebea. Mtu aliyengoja hivyo anaweza kusahau sauti ya mwanawe?"

Hiza akatoka, akaingia chumba cha pili.

Dorkasi aliangua kilio cha Kishambaa alipomwona, kama mtu aliyeona ndugu yake. Hiza alimkatiza. Alimwuliza yote kwa Kiswahili, tena kwa sauti, ili askari wa mlangoni asikie kila neno.

"Mwanamke mwenye mimba iliyofika anatembea mpaka Misima kutafuta nini?"

"Tulidhani miezi bado, Shaush. Tumbo langu lilikuwa dogo. Hata mama yangu kule Lutindi hakulijua mpaka nilipomwambia. Na mzigo wa tumbaku haujibebi."

"Mliondoka bila kuaga."

"Nilianza kuumwa. Niliona haya kuzaa kwa watu nisiowajua. Nikamwambia Isaka twende, tufike kwetu. Hatukufika. Nilizaa kichakani, hatujauona mto."

"Nani alikata kitovu?"

"Isaka. Kwa kisu chake cha mkonge."

"Akakifunga kwa kitu gani?"

Dorkasi alifunua nguo ya mtoto. Kitovu kilikuwa kimeanza kukauka, cheusi, bado hakijaanguka, na kwenye shina kilikuwa kimekazwa kwa uzi mweupe mgumu. Hiza aliinama. Ulikuwa uzi wa mkonge.

"Umetoka wapi uzi huu?"

"Kwenye kamba ya mzigo. Aliifumua kwa meno."

Hiza alikwenda mahabusu, akamwuliza Isaka peke yake, bila kumwambia mkewe kasema nini. Isaka alisema kisu, kamba na meno. Kisha Hiza aliomba aletewe kamba ya mzigo iliyokuwa imeshikwa pamoja na mali yao, akaikagua hadi mwisho. Ncha moja ilikuwa imefumuliwa, uzi mmoja haumo. Alirudi zahanati, akamwomba Sista akitazame kitovu kwa kioo cha kukuzia.

"Kimefungwa mara ngapi?"

"Mara moja," Sista alisema baada ya kutazama sana. "Alama ni moja tu."

Ilikuwa hatua, lakini haikuwa safari nzima. Kesho yake Hiza alishika njia ya Handeni, kuelekea Misima.

Misima ilikuwa imekauka. Mahindi yalisimama mashambani kama watu waliochoka kungoja. Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa na maneno mengi na haraka ya kuyatoa.

"Mimi simsengenyi mtu, Shaush," alisema, akiweka mchi chini. "Lakini hesabu ni hesabu. Abdi alikuwa mpagazi, amekwenda na safari ya Wazungu mpaka Kilimanjaro huko. Karudi baada ya Idi Kubwa. Hesabu mwenyewe. Miezi minne. Mitano, ukimwonea huruma. Na tumbo lilikuwa hivi!" Akanyoosha mikono mbele yake. "Mimba ya Abdi ilikuwa na miguu mirefu. Ilimtangulia mwenyewe kufika nyumbani."

"Abdi aliyasikia maneno haya?"

"Nani hakuyasikia?"

"Alikuwa akitapika?"

Chausiku alishangaa kuulizwa hivyo. "Mpaka siku ya mwisho. Hata maji hayakukaa. Wenzake hutapika mwanzo, wakapona. Yeye kadiri tumbo lilivyokua ndivyo alivyotapika. Na miguu ikavimba."

Hiza aliondoka pale na wazo jipya, nalo halikumpendeza. Kama mtoto wa Ngombezi ni wa Dorkasi, basi wa Hamisa yuko wapi? Na kama mimba haikuwa ya Abdi, ni nani mwenye sababu ya kuona mtoto huyo hafiki machoni pa watu? Mashavu alikuwa peke yake chumbani. Mashavu alikuwa mama wa Abdi.

Kabla ya kumwendea, aliwatembelea wanawake watatu aliowazalisha Mashavu. Aliwauliza wote jambo moja, na kila mmoja alimwonyesha mahali kwa kidole bila kusita.

Mashavu alikuwa uani akipepeta mtama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamisa hajambo?"

"Bado anavuja damu." Hiza alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nieleze tena."

Akaeleza. Uchungu, damu, mtoto wa kiume, mtungi wa maji, kurudi, kutomwona mtoto. Maneno yalitoka yamenyooka, kama ya mtu aliyeyakariri.

"Kitovu ulikikata kwa kitu gani?"

"Kwa ganda la bua la mtama, kama siku zote."

"Ukakifunga?"

"Kwa uzi wa kaniki. Mweusi."

"Mtoto wa Ngombezi amefungwa kwa mkonge, mama. Na hajafungwa mara mbili."

Ungo ulisita, ukaendelea. "Mimi ni mtu mzima. Labda nimesahau."

"Labda. Kondo limezikwa wapi?"

Ungo ukasimama.

"Nimewauliza wanawake watatu wa hapa," Hiza alisema taratibu. "Wote wamenionyesha mahali ulipozika makondo yao, mwingine ana mtoto anayechunga mbuzi tayari. Hujawahi kutupa kondo la mtu. La mjukuu wako liko wapi?"

"Mbwa walilichukua."

"Wewe uliache mbwa walichukue?"

Kuku walisogea, wakaanza kudonoa mtama ungoni, wala hakuwafukuza.

"Mama, watu wamehesabu miezi," Hiza alisema. "Wanasema mimba haikuwa ya mwanao. Mimi nasema hivi: mtoto alizaliwa, nawe ukaona aibu ya mwanao, ukamfanya asiwepo. Nisahihishe kama nimekosa."

Mashavu alisimama ghafla, mtama ukamwagika wote. "Utamwita Hamisa malaya uani kwangu? Mtoto wa watu aliyekaa na mimi kimya, mumewe yuko nchi za mbali, analala chumba kimoja na mimi! Hajui mwanamume mwingine. Naapa kwa Mungu aliyeniumba."

"Basi nionyeshe kondo."

"Sikuonyeshi."

"Nitaita watu wachimbe uwanja wote."

"Watachimba bure."

"Watachimba, wala si bure. Chausiku atakuwa wa kwanza kuja kutazama."

Neno hilo ndilo lililomvunja. Mabega yake makubwa yalishuka. Alichukua jembe la mkono lililoegemezwa ukutani, akatangulia, akapita nyuma ya nyumba mpaka penye mawe matatu ya jiko la zamani. Akapiga magoti. Hiza alitaka kumsaidia. Akamkatalia kwa mkono. Alichimba mwenyewe mpaka jembe lilipogonga kitu, akatoa chungu kidogo kilichozibwa kwa udongo.

"Tazama," alisema. "Halafu utanifunga."

Hiza alivunja udongo. Harufu ilimpiga. Chini ya tabaka la majivu na chumvi, chungu kilikuwa kimejaa kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona: vipovu, vingi visivyohesabika, vimeshikana kwa nyuzi nyembamba, vingine vidogo kama punje za mtama, vingine vikubwa kama kunde, vimesinyaa kwa chumvi lakini bado vinang'aa. Kama mayai ya chura. Alitafuta kwa kijiti mpaka chini. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na kidole. Hapakuwa na mtoto.

"Ndiyo hayo," Mashavu alisema. "Yalitoka bakuli baada ya bakuli, na damu, na damu. Nimezalisha mabinti na mabinti wa mabinti, Shaush. Nimepokea waliokufa, nimepokea wasio na kichwa. Hiki sijakiona. Nikasema, watu wakikiona watamwambia amezaa na jini. Watamfukuza. Watamwambia mwanangu amwache."

"Na mtoto wa kiume?"

Mashavu alikaa chini, miguu imenyooshwa kama mtu aliye matangani.

"Alifungua macho. Akaniuliza, mama, ni nani? Nikasema, mvulana. Sijui neno lilitoka wapi. Akacheka, Shaush. Tangu nimemwozesha mwanangu sijamsikia akicheka vile. Akanyoosha mikono, akasema, nipe. Sasa nimpe nini? Nikatoka nje, nikarudi, nikasema ameibiwa."

"Dorkasi ulimtaja wewe?"

"Walimtaja wengine. Mimi nilinyamaza."

"Isaka amepasuliwa kichwa kwa kunyamaza kwako."

"Najua."

"Hamisa anasema alisikia mtoto akilia."

Mashavu alifunika uso kwa mikono yake yenye udongo. "Aliyelia ni mimi," alisema.

Hiza alikizungushia kile chungu majani ya mgomba, akakifunga, akakibeba mwenyewe mpaka Korogwe. Njiani hakumruhusu mtu mwingine akishike.

Sista Yuditha alikifungua uani, mahali penye mwanga. Hakutazama muda mrefu.

"Mayai ya chura," Hiza alisema.

"Kwetu husema zabibu." Sista aligeuza kijiti ndani ya chungu. "Ulikwenda kuuliza kondo limezikwa wapi. Hili ndilo kondo, Shaush. Halikuwako jingine. Mimba iliingia, lakini mtoto hakufanyika. Likakua kondo tupu, limekosea njia, na hukua upesi kuliko miezi. Ndiyo maana tumbo likaipita hesabu. Ndiyo maana alitapika mpaka mwisho, na hakuna aliyecheza."

"Kwa hiyo miezi mitano ya Abdi—"

"Ilikuwa miezi mitano ya Abdi. Waliohesabu walihesabu sawa. Walikosea kilichomo."

"Ni kosa la nani?"

"Si la mtu yeyote."

Hiza alikuwa ametumikia boma miaka, na hakuwa amewahi kupeleka jibu la namna hiyo barazani. "Na kikohozi?" aliuliza.

Sista alirudisha kifuniko juu ya chungu kwa uangalifu, kama kwamba mtu amelala ndani. "Ugonjwa huu mara nyingi huisha ukishatoka. Mara nyingine huacha mbegu. Mbegu hutembea na damu, hukaa kifuani. Jana alikohoa damu."

"Dawa yake?"

"Madaktari wa kwetu wanaujua kwa jina. Kwa dawa bado."

Hiza alimwendea Abdi kwanza, palepale penye nguzo. Abdi alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Hakuuliza juu ya vipovu, wala juu ya mama yake. Aliuliza jambo moja.

"Basi ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako."

Abdi aliinamisha kichwa mpaka kipaji kikagusa magoti. "Tangu Misima," alisema, "nimebeba machela mbele, nisimwone uso. Aliniita njiani. Aliniita mara nyingi." Kisha alisimama, akavuka kizingiti.

Wote watatu walimwambia Hamisa pamoja. Sista alieleza, Hiza akatafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama, Abdi akashika kisigino cha mkewe, kwa kuwa hakuthubutu kushika mkono. Hamisa alisikiliza kama mtu anayesomewa shauri la mwenziwe.

"Nilimsikia akilia," alisema walipomaliza.

"Uliyemsikia ni mama mkwe," Hiza alisema.

Hamisa alilitafakari hilo. "Kwa hiyo hajafa."

"Hajafa."

"Wala hajaibiwa."

"Hajaibiwa."

"Basi nilie nini, Shaush?" Sauti yake haikupanda. "Mtu hulilia kitu. Aliyefiwa ana kaburi, aliyeibiwa ana mwizi. Mimi niambie nilie nini."

Sista alianza kusema neno la Mungu, akaliacha katikati. Abdi alikuwa analia, kwa sauti, kama watoto wanavyolia.

"Nimwite mama aje akuombe radhi?" Abdi alimwuliza baadaye.

"Asije," Hamisa alisema.

Siku hiyohiyo Dorkasi alifunguliwa. Isaka alitolewa mahabusu, wakakutana uani. Askari Mzigua, aliyekuwa amesikia yote, alimpokea Isaka mzigo na kujitwika mwenyewe bila kuombwa. Mtoto akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye afya. Ndani, Hamisa aliweka kiganja kifuani. Nguo ilikuwa imelowa pale, doa dogo, maziwa machache ambayo mwili wake uliyatoa kwa sababu hakuna aliyeuambia habari.

"Mwambieni yule mwanamke anisamehe," alisema. "Nilimwapiza sana." Kisha akasema, "Nirudishieni mlango."

Hiza akaurudisha.

Barazani Handeni shauri lilimalizwa upesi. Bwana Shauri aliuliza mwizi ni nani, akajibiwa hakuna mwizi. Akauliza aliyeua ni nani, akajibiwa hakuna aliyeuawa. Akamkaripia Mashavu kwa uongo wake, akawatoza vijana wa Misima fidia ya kichwa cha Isaka, akaita shauri lifuatalo. Jumbe hakumtazama Hiza machoni. Chausiku hakuwako barazani kabisa.

Hamisa hakuondoka Korogwe. Damu ya chini ilipungua, ya kifuani ikazidi. Abdi alikaa naye chumbani, akimwinua akohoe, akimlaza, akimwinua tena. Mchana mmoja, treni ya kwenda Tanga ikipiga filimbi stesheni, Hamisa alikata roho mikononi mwake.

Abdi aliomba ruhusa amzike kwao. Hiza hakuwa na amri ya kwenda, lakini alikwenda. Alishika pembe moja ya machela, na askari Mzigua akashika nyingine. Abdi alishika upande wa kichwani, akitembea kinyumenyume kila njia ilipomruhusu, ili auone uso uliofunikwa.

Mashavu aliwangoja mpakani mwa kijiji, peke yake, kichwa wazi. Waliteremsha machela. Hakuigusa. Alisimama mbali nayo kidogo, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Alisema lolote juu yangu?" aliuliza.

Abdi alimtazama mama yake. Alikuwa amezeeka tangu wamwache. Kanga imemning'inia mabegani kama imetundikwa ukutani.

"Alikuita, mama," Abdi alisema. "Mwishoni. Alisema, mwiteni mama."

Mashavu hakumwamini mwanawe. Ilionekana. Alimgeukia yule mwenye kofia ya boma, mtu aliyechimbua uwanja wake na kumtoa uongo kinywani, mtu ambaye neno lake ndilo lililofunga shauri.

"Ni kweli, Shaush?"

Hiza aliivua kofia.

"Ni kweli, mama."

Ndipo Mashavu alipoisogelea machela, akapiga magoti, akaanza kulia.